Jeni Moja, Nakala Mbili: Saratani ya Damu na Njia ya Mkonze hadi Ocean Road

Katika nchi ya Ugogo, ambako mvua ni ya msimu mmoja na homa za malaria hupanda na kushuka pamoja nayo, bandama lililovimba si jambo la kumshtua mtu mzima. Mama humpapasa mwanawe chini ya mbavu za kushoto, akasikia ugumu, akasema ni homa za zamani hizo. Na hata leo, katika vijiji vingi vya Tanzania, utawaona watu wazima wenye chale ndogo ndogo zilizopangwa mahali papo hapo, athari ya mganga aliyeitwa zamani kuja kuliteremsha. Kwa hiyo mkulima wa zabibu wa Mkonze, kata iliyo viungani mwa Jiji la Dodoma, ambako viwanja vilivyopimwa vinazidi kuyasogelea mashamba tangu Serikali ilipohamia makao makuu, aweza kabisa kukaa mwaka mzima bandama likimwongezeka, huku akipungua mwili, akilowa jasho usiku, akishiba kabla hajamaliza nusu ya ugali wake wa uwele, naye na jamaa zake wakadhani ni yale yale ya siku zote, mpaka siku moja zahanati imwandikie barua ya kwenda mjini, na huko kipimo cha damu ambacho wauguzi wetu hukiita FBP kitoe hesabu ya kuogofya: chembe nyeupe 200,000 katika mikrolita moja ya damu, ilhali mtu mwenye afya huwa na baina ya 4,000 na 11,000.

Mkulima huyu nimemkisia, lakini maradhi yake si ya kukisia. Tabibu kijana wa hospitali ya mkoa, ile ambayo wenyeji wa Dodoma hawajaacha kuiita Jenerali, atamwamkia, "Shikamoo, baba," ataitikiwa, "Marahaba, mwanangu," kisha atakwama kidogo asijue pa kuanzia, kwa maana lililoandikwa katika cheti lina jina refu: saratani sugu ya damu ya jamii ya myeloidi, ambayo matabibu wenyewe huifupisha kwa herufi tatu, CML. "Ni malaria hiyo?" atauliza mzee. "Hapana, baba. Ni damu yenyewe." Na jibu hilo, juu ya ufupi wake, lina ukweli mwingi, kwa kuwa saratani hii haikuletwa na mbu wala na maji wala na chakula, wala mzee hakuirithi kwa baba zake, wala hatawarithisha wanawe; ilianza katika chembe moja tu ya uloto, ndani ya mfupa, siku isiyojulikana na mtu, pale vipande viwili vya kromosomu vilipokatika na kila kimoja kikaungwa pasipo pake.

Dalili ya mkatiko huo ilionwa kwanza mwaka 1960 katika mji wa Philadelphia, huko Marekani, na Peter Nowell na David Hungerford, waliokuta ndani ya chembe za wagonjwa wa CML kromosomu moja fupi kupita kiasi, nayo ikaitwa kwa jina la mji huo hadi leo. Ilichukua miaka 13 kabla ya Janet Rowley, bibi mmoja wa Chicago mwenye subira ya kuzitazama picha za kromosomu juu ya meza yake ya kulia chakula, kudhihirisha mwaka 1973 kwamba kile kipande hakikupotea: kromosomu ya 9 na kromosomu ya 22 zilikuwa zimebadilishana ncha. Katika miaka ya 1980 ikajulikana kilichobadilishwa hasa. Jeni iitwayo ABL, ambayo makao yake ni kromosomu ya 9, ilikuwa imehamia kromosomu ya 22 na kuunganika na jeni nyingine iitwayo BCR, na kutokana na ndoa hiyo isiyo halali ikazaliwa jeni ya tatu, BCR-ABL, ambayo humtengenezea mwenyewe kimeng'enya kisichojua kuzimika, kinachoiamuru chembe ya damu izae, izae, izae, usiku na mchana.

Hadi hapo ni habari ya DNA, yaani habari ya asili. Walakini asili haifanyi kazi kwa mkono wake, na ni katika hatua ya pili, isiyosimuliwa mara nyingi katika magazeti yetu, ndipo jambo linapokuwa tamu kwa mwenye kutaka kujua. Chembe ya mwili ni mfano wa ofisi ya zamani yenye daftari kuu lisiloruhusiwa kutoka chumbani: karani huingia, akaunakili ukurasa unaotakiwa katika karatasi ya RNA, na kabla hajaitoa nje hushika makasi, akayakata maneno yasiyohusika, akaziunga sehemu zilizobaki, na nakala hiyo iliyokwisha kukatwa na kuungwa ndiyo wanayoisoma mafundi wa nje wakaitengenezea protini. Kwamba yapo makasi ya namna hiyo hapakuwa na aliyedhani mpaka mwaka 1977, ambapo makundi mawili ya wataalamu, moja likiongozwa na Phillip Sharp na jingine likiwa na Richard Roberts, waliokuwa wakichunguza virusi vya mafua viitwavyo adenovirusi, walikuta kwamba nakala na asili yake hazilingani kwa urefu. Wakapewa Tuzo ya Nobel kwa ajili hiyo mwaka 1993. Sehemu zinazobakizwa huitwa eksoni, na zinazotupwa huitwa introni. La ajabu zaidi ni kwamba makasi hayakati kwa namna moja kila siku: katika ini hubakiza eksoni hii, katika ubongo huiruka, na hivyo jeni moja ikatoa nakala mbili, tano, au zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba takriban asilimia 95 ya jeni zetu zenye eksoni zaidi ya moja hunakiliwa kwa namna mbalimbali, na kwa njia hiyo binadamu, mwenye jeni za protini zipatazo 20,000 tu, akaweza kuwa na protini nyingi kupita hesabu hiyo.

Sasa turejee kwa mzee wetu wa Mkonze. Jeni yake ya BCR-ABL aweza kuwa nayo kwa sura mbili zilizo mashuhuri. Kwa baadhi ya wagonjwa BCR imekatika baada ya eksoni yake ya 13, kwa wengine baada ya eksoni ya 14, na katika hali zote mbili huungwa na eksoni ya pili ya ABL. Kwa hiyo nakala ya kwanza wataalamu huiandika e13a2 na ya pili e14a2. Hitilafu baina yao ni herufi 75 za RNA, sawa na viungo 25 katika protini, kiasi ambacho mtu asiye mwenye fani angekiona si kitu. Tena wako wagonjwa ambao mkatiko wao ni ule wa baada ya eksoni ya 14, lakini makasi, kwa tabia yao niliyoitaja, mara huibakiza eksoni hiyo na mara huiruka, hata mgonjwa mmoja akaonekana na nakala zote mbili kwa pamoja. Tafiti nyingi za nchi mbalimbali zimeona kwamba wenye e14a2, wakichukuliwa kwa jumla, hupata nafuu upesi na kwa kina zaidi wanapotumia dawa kuliko wenye e13a2. Sababu haijaafikiwa: wako wanaosema ni umbo la kimeng'enya chenyewe, na wako wanaosema ni kipimo kinachopendelea nakala fupi, kikaihesabu kwa wingi kuliko ilivyo. Mimi hupendelea kwanza kushuku kipimo, kisha umbile, lakini huo ni mwelekeo tu wa mtu asomaye kazi za wengine.

Ziko nakala nyingine adimu. Mkatiko ukitukia mapema katika BCR hutoka nakala fupi iitwayo e1a2, ambayo aghalabu huambatana na saratani ya damu iliyo kali na ya haraka. Ukitukia mbali zaidi hutoka e19a2, iliyo ndefu, ambayo maradhi yake huwa ya polepole. Umuhimu wake kwa hospitali zetu ni huu: vipimo vya kawaida vya maabara hutengenezwa kuzitafuta zile mbili mashuhuri peke yake, na mgonjwa mwenye nakala adimu akipimwa kwa vipimo hivyo ataambiwa hana kitu, ilhali bandama lake limefika kitovuni. Tabibu aliye macho hatalikubali jibu hilo kwa urahisi. Atauliza kipimo kilitafuta nakala ipi, na huo ni ujuzi wa kufundishwa, hauhitaji mashine mpya.

Kuhusu dawa, inatosha kusema kwamba imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Mei 2001 baada ya kazi ya Brian Druker na wenzake, ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza za saratani zilizoundwa kwa makusudi ili ziingie katika shimo la kimeng'enya kimoja na kukizima. Kabla yake wagonjwa wengi walifariki katika miaka michache; baada yake, kati ya wale waliofuatiliwa kwa muda wa miaka kumi katika jaribio kuu la dawa hiyo, zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wangali hai. Bei yake ilikuwa ya makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, na lau mkulima wa Mkonze angeachwa ajinunulie, hadithi ingeishia hapo. Lakini kwa hisani ya mpango wa kampuni ya Novartis ulioendeshwa na The Max Foundation, dawa hiyo ilifika bila malipo kwa wagonjwa wa Tanzania kwa njia ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyowekwa kisheria mwaka 1996 ndani ya majengo yale ya kando ya bahari yaliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ambamo Robert Koch mwenyewe aliwahi kufanya kazi.

Njia ya kuifuata ndiyo ilikuwa adha. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 450, safari iliyokuwa ikila siku nzima ya basi, na kwa mtu mwenye bandama kubwa, anayejiinamia kila gari linapopiga tuta, nauli haikuwa gharama pekee. Tangu Julai 2024 treni ya umeme, inayotamkwa na kila mtu SGR, imezipunguza saa hizo kuwa tatu au nne; nauli bado ipo, na siku ya kupalilia mizabibu nayo haimngojei mtu arudi kliniki. Mgonjwa akikosa kliniki huikosa dawa, na dawa hii haisamehe. Katika hospitali ya Hammersmith, London, wagonjwa 87 walipewa vichupa vyenye kifaa kilichohesabu kwa siri kila mara kifuniko kilipofunguliwa. Na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, miongoni mwa waliomeza asilimia 80 ya vidonge au chini yake, hakuonekana hata mmoja ambaye nakala za BCR-ABL zilipungua kufikia kiwango kinachotakiwa. Na hao walikuwa watu wa mjini, wenye reli ya chini ya ardhi mlangoni.

Nimetaja kiwango, na hapa ndipo nakala, iliyokuwa mshtakiwa, inapogeuka kuwa shahidi. Kwa kuwa RNA ya BCR-ABL haipatikani kwa wingi mahali popote ila katika chembe zenye saratani, kuihesabu ni kuzihesabu chembe zenyewe, hata zikiwa zimebaki moja katika elfu nyingi, wakati ambapo darubini haioni tena kitu na bandama limekwisha kurudi mahali pake. Utaratibu uliokubaliwa duniani ni kwamba baada ya miezi mitatu ya dawa nakala zisizidi asilimia 10 ya kipimo sanifu cha kimataifa, baada ya miezi sita asilimia 1, na baada ya mwaka asilimia 0.1. Asiyefikia huulizwa kwanza kama anameza dawa. Akithibitisha kwamba anameza, hutafutwa badiliko katika kimeng'enya, na pengine hubadilishiwa dawa. Pasipo kipimo hicho tabibu hana ila kuhesabu chembe nyeupe na kupapasa tumbo, na hivyo viwili hurudi katika hali njema mapema mno, vikamfariji mgonjwa na mwuguzi wake ilhali nakala ziko pale pale.

Tatizo la RNA ni wepesi wake wa kuharibika. Damu iliyotolewa mkononi ina vimeng'enya vinavyoila, na maabara huitaka ifike ndani ya siku moja hadi tatu, ikiwa baridi. Jambo rahisi kwa mtu wa Upanga, Dar es Salaam, na gumu kwa aliye Mkonze katika joto la Oktoba. Kuna njia mbili zinazonipa matumaini. Ya kwanza ni mashine ya GeneXpert, ambayo karibu kila mwuguzi nchini anaijua kwa kifua kikuu, na ambayo, ikitiwa katriji nyingine, huzihesabu nakala za e13a2 na e14a2 kwa muda usiozidi saa tatu bila kuhitaji mtaalamu wa jeni kukaa karibu nayo. Ya pili ni ile ya watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson, mjini Seattle, walioonyesha kwamba damu iliyodondoshwa juu ya karatasi nzito na kuachwa ikauke huhifadhi nakala kiasi cha kutosha kupimwa baada ya kutumwa kwa posta. Ni ya kustaajabisha kwamba molekuli isiyovumilia zaidi ya siku chache ndani ya kichupa inastahimili bahasha; na Dodoma, mahali pakavu kama palivyo, ingeweza kwa mara moja kuufaidi ukavu wake.

Hapa Tanzania kazi yenyewe imekwisha anza. Watafiti wa Muhimbili walichapisha mwaka 2021, katika jarida la Blood Advances, utafiti wa namna damu ya wagonjwa wa nchi hii wanaotumia imatinibu inavyoitikia dawa hiyo, kwa kipimo cha nakala. Ninaukumbusha kwa sababu moja kubwa: kinachoikwamisha dawa kwa watu wa mahali pamoja chaweza kisiwe kile kile kwa wengine. Mwaka 2012 wataalamu waliokuwa Singapore walitafuta kwa nini baadhi ya wagonjwa wa Asia ya Mashariki hawapati nafuu ya imatinibu ingawa wanaimeza, na kimeng'enya chao hakina badiliko lolote. Walikuta kwamba katika jeni nyingine kabisa, iitwayo BIM, ambayo kazi yake ni kuiamuru chembe mbovu ife, watu hao walikuwa na pengo la herufi 2,903 ndani ya introni, yaani katika maneno yale ya kutupwa ambayo mtu angedhani hayana kazi. Pengo hilo liliyapotosha makasi: yakachukua eksoni ya 3 badala ya eksoni ya 4, na eksoni ya 4 ndiyo iliyobeba ile sehemu inayoua. Dawa ikaizima BCR-ABL kama ilivyotakiwa, na chembe, zikiwa na nakala ya BIM isiyo na meno, zikakataa kufa. Pengo hilo lilionekana kwa watu 12 katika kila 100 wa Asia ya Mashariki, na halikuonekana kabisa katika sampuli za Waafrika na Wazungu walizopima.

Msomaji asiifurahie mapema habari hiyo ya Waafrika. Waafrika waliopimwa katika kazi za namna hiyo aghalabu ni wachache, na hususan ni watu wa Afrika ya Magharibi. Ilhali bara letu, kwa kuwa ndilo kongwe kuliko yote kwa kukaliwa na binadamu, lina tofauti nyingi za jeni baina ya watu wake kuliko mabara mengine yote. Katika nyanda hizi za kati wanakutana ndani ya siku moja ya mnada Mgogo, Mrangi, Msandawe na Mbarabaig, watu wa lugha za asili mbalimbali, ambao babu zao waliachana zamani sana. Ikiwa introni za mmojawapo zina pengo lake wenyewe linalopotosha makasi, hapana mtu wa Singapore wala wa London atakayeligundua kwa niaba yetu. Vyombo si haba: Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007, na jirani yake Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyoanza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, imekwisha onyesha kwamba kazi ngumu za damu zaweza kufanyika huku bara.

Walakini haifai kuitia hatiani kila nakala ngeni. Kuna wakati wagonjwa wengi wa CML waliokuwa hawaitikii dawa walikutwa na nakala ya BCR-ABL iliyoongezwa herufi 35 kutoka katika introni, na wengi wakasadiki kwamba ndiyo iliyoleta ukaidi. Mwaka 2011 ikathibitika maabarani kwamba protini inayotokana nayo haina nguvu yoyote, wala haihusiani na ukaidi wa dawa. Ilikuwa pale tu, kama mpita njia anayekamatwa kwa sababu alikuwa karibu na mlango uliovunjwa.

Tofauti na hiyo ni nakala iitwayo AR-V7 katika saratani ya tezi dume, maradhi yanayowaandama wazee wetu wengi. Dawa kadhaa za saratani hiyo hukusudia kipokezi cha homoni za kiume kwenye ule upande wake unaoishika homoni. Na nakala hii, kwa kukatwa, haina upande huo kabisa, ikabaki kuiamuru chembe bila kungoja homoni wala kuijali dawa. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wa mwaka 2014, miongoni mwa wagonjwa waliokutwa na AR-V7 katika chembe za saratani zinazozunguka katika damu, hapana hata mmoja ambaye PSA yake, yaani kipimo cha damu cha saratani hiyo, ilishuka inavyotakiwa kwa dawa mbili za kupambana na homoni hizo. Virusi vya HPV navyo, vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi na ambavyo Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2018, hukata na kuunga nakala zake kwa makasi ya mwanamke viliyemwingia, kwa kuwa havina makasi yake wenyewe. Hizo ni habari zinazostahili sahifa zake.

Imebaki hoja ambayo mzee wa Mkonze ataileta mwenyewe, pengine mwaka wa tatu au wa nne, atakapokuwa amenenepa na kurudia mizabibu yake: "Daktari, mwanangu, nitaimeza hii mpaka lini?" Kwa muda mrefu jibu lilikuwa maisha yake yote. Lakini Wafaransa, katika jaribio waliloliita STIM na kulichapisha mwaka 2010, waliwaachisha dawa wagonjwa 100 ambao nakala za BCR-ABL hazikuonekana kwa muda usiopungua miaka miwili, na takriban wanne katika kila kumi wakaendelea salama bila dawa. Waliorudiwa na maradhi, karibu wote ndani ya miezi sita ya mwanzo, walirudishiwa kidonge na nakala zikapungua tena. Sharti la ruhusa hiyo ni kwamba nakala zihesabiwe kila mwezi katika muda huo wa mwanzo, pasipo kukosa hata mmoja, na jibu litoke haraka kiasi cha kutosha kumwita mtu kabla damu yake haijageuka. Kwa hiyo tabibu wa Dodoma akiulizwa swali hilo leo, kabla hajafungua kinywa humbidi kwanza aulize maabara yake kama katriji zitakuwapo mwezi ujao, na mwezi unaofuata huo.